"Ameshazoea": Kauli Inayoficha Huzuni ya Mtoto wa Bweni

Tarehe 1 Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali na wale wa Darasa la Kwanza hadi la Nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wengi waliupokea kama tangazo jingine la kiutawala. Kwangu mimi waraka ule ulikuwa ungamo. Serikali haipigi marufuku jambo lisilokuwepo. Kwa kulisitisha, ilikiri kwamba katika nchi yenye amani wako watoto wa miaka mitano, sita na saba wanaolala mbali na wazazi wao kwa muhula mzima, si kwa sababu ya vita, njaa au uyatima, bali kwa sababu wazazi wao wamelipa ada.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na mfupi. Baadhi ya wamiliki wa shule binafsi walizungumzia mikopo waliyochukua kujenga mabweni. Wazazi walizungumzia kazi, foleni na dada wa kazi wasioaminika. Wengine walizungumzia haki ya mzazi kumchagulia mwanawe shule. Hoja hizo zina uzito wake na nitazijibu. Lakini zote ni hoja za watu wazima. Swali la mtoto mwenyewe, yaani anapata nini na anapoteza nini anapotenganishwa na watu wake katika umri huo, liliwekwa kando kana kwamba ni suala la hisia tu, lisilostahili kukaa meza moja na mikopo ya benki.

Swali hilo si la hisia tu. Lina majibu ambayo taaluma ya makuzi imeyakusanya kwa zaidi ya miaka sabini, na sehemu ya majibu hayo ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Msimamo wangu ni kwamba bweni la mtoto mdogo si elimu bora. Ni nafuu ya watu wazima ambayo gharama yake halisi hulipwa na mtoto, na kwa kuwa mtoto hana risiti ya kutuonesha, tunajiaminisha kwamba hakulipa chochote.

Kunyamaza si kutulia

Biashara nzima ya mabweni ya watoto wadogo inasimama juu ya neno moja. Mtoto analetwa shuleni Januari, analia siku tatu au nne. Wiki ya pili mama anapiga simu, na matroni anajibu kwa sauti ya upole: "Usiwe na wasiwasi, mama. Ameshazoea." Mama anashusha pumzi. Kuanzia hapo kilio cha siku za kwanza kinahesabiwa kuwa gharama ndogo iliyokwisha kulipwa.

Neno hilo lilikwishachunguzwa. Mwaka 1952 James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na daktari wa akili John Bowlby mjini London, alitoa filamu kuhusu mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu hivi aliyelazwa hospitalini kwa siku nane bila mama yake. Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza zilizuia au kubana sana ziara za wazazi, kwa hoja iliyoonekana ya busara: wazazi wakija watoto hulia, wasipokuja watoto hutulia. Robertson aliwatazama watoto hao kwa muda mrefu na akaona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: analia, anaita, anakodolea mlango macho. Kisha hukata tamaa: ananyamaza, anatii, anakuwa mzito. Mwishowe hujiondoa: anamchekea kila mtu, anacheza na muuguzi yeyote, na mama akija hamkimbilii. Ule utulivu uliowafurahisha wauguzi ulikuwa ni kukata tamaa kulikovaa sura ya adabu.

Mwaka 1951 Bowlby alikuwa amekwisha kuliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto. Mwaka 1959 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao waliolazwa bila vizuizi vile vya zamani. Nchi ile ilianza kujifunza, taratibu na kwa ubishi mwingi, kwamba ukimya wa mtoto si ushahidi wa amani yake. Leo sisi tunautumia ukimya huo huo kama tangazo la biashara.

Najua mtoto wa miaka sita si mtoto wa miaka miwili. Ana lugha, anajua kuhesabu siku, anaelewa kwamba likizo ipo. Sidai kwamba kila aliyekwenda bweni mapema ameharibika. Binadamu ana uwezo mkubwa wa kustahimili, na wako waliokutana na mwalimu mmoja mwema akawashika mkono. Lakini umri huo humpa mtoto pia uwezo ambao mdogo zaidi hana: uwezo wa kuficha. Joy Schaverien, mtaalamu wa tiba ya nafsi wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 2015 kuhusu watu wazima waliopelekwa bweni wakiwa wadogo. Ni watu waliofanikiwa, wenye kazi nzuri na nidhamu ya kutosha, lakini wasioweza kumwambia hata mwenza wao, "Nimeumia." Walijifunza mapema kwamba huzuni haina wa kuipokea, wakaifungia ndani na kusahau ufunguo ulipo. Na wengi wao walitoka katika shule za gharama kubwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni ubora wa magodoro.

Siku moja katika semina niliuliza nani alilala bweni kabla ya kutimiza miaka tisa. Mikono kadhaa iliinuka. Binti mmoja alisema alikwenda na kanga ya mama yake ndani ya tranka, akawa analala nayo usoni kwa sababu ilikuwa na harufu ya nyumbani. Wiki ya tatu matroni, kwa nia njema kabisa, aliifua. "Tangu siku hiyo sikulia tena," alisema, na darasa zima likakaa kimya. Bila shaka nyumbani iliripotiwa kwamba ameshazoea.

Mtoto hukua akiwa na watu, si ratiba

Nasikia pingamizi: hizo ni nadharia za Wazungu, sisi Waafrika tunalea kijumuiya. Pingamizi hilo linasahau historia. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na kuanza kuwatembelea majumbani akina mama 26 wa Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Hakuwaweka katika maabara. Alikaa sebuleni, akatazama mtoto anavyotambaa kutoka kwa mama, anavyogeuka kuhakikisha bado yupo, kisha anaendelea mbele. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na kile alichokiona kwa watoto wa Buganda kikawa mojawapo ya nguzo za nadharia ya mwambatano, yaani kifungo cha ndani kati ya mtoto na wale wanaomlea. Kiini chake ni rahisi: mtoto huthubutu kwenda mbali kwa sababu ana uhakika wa kurudi. Ukimnyang'anya pa kurudi ili umfundishe ujasiri, umekata mzizi ili mti ukue haraka.

Ndiyo, watoto wale hawakulelewa na mama peke yake. Walikuwapo bibi, shangazi na dada wakubwa. Malezi ya kijumuiya ni kweli na ni hazina. Lakini jumuiya si umati. Bibi anamjua mjukuu wake kwa jina, anajua anachokiogopa, anajua kikohozi chake cha kawaida na kile kisicho cha kawaida, na kesho atakuwepo. Bweni lina matroni mmoja mwenye watoto kadhaa wa kadhaa, anayelipwa mshahara mdogo, na ambaye akipata kazi bora mwezi wa nne ataondoka bila kumuaga mtoto hata mmoja. Kumlinganisha huyo na bibi ni kumtukana bibi na kumwonea matroni.

Tena tutazame kinachokua ndani ya mtoto kati ya miaka sita na kumi. Erik Erikson aliuita umri huu wakati wa mtoto kujenga umahiri au kuingiwa na unyonge: mtoto hutaka kufanya kazi inayoonekana mbele ya watu anaowajali, na asikie wakisema ameweza. Ndiyo maana mtoto wa umri huo hufurahi akitumwa dukani na kurudisha chenji kamili. Ndiyo maana hutaka kumshika mdogo wake, kupepeta mchele hata kama anaumwaga, kumsaidia baba kufunga mlango wa banda la kuku. Katika mambo hayo madogo anajenga dhamiri. Anawaona wazazi wakigombana na kisha kupatana, anajifunza kwamba ugomvi si mwisho wa upendo. Anakosea, anaonywa na mtu anayempenda, anasamehewa kabla ya kulala.

Bwenini anapata ratiba. Anaamka kwa kengele, anaoga kwa kengele, anakula kwa kengele, anazimiwa taa kwa kengele. Nidhamu hiyo huwavutia wageni siku ya mahafali. Lakini kutii si sawa na kuwa na dhamiri. Aliyezoezwa kutii kengele hubaki hana mwongozo siku kengele isipolia, na siku hiyo hufika kila kijana anapomaliza shule. Kisha tunashangaa kuona kijana wa miaka ishirini asiyeweza kupanga siku yake, asiyeweza kusema hapana kwa rika lake, asiyejua kuomba msaada. Hayo yana sababu nyingi na bweni si sababu pekee. Ila tusijifanye hatukuwa na mkono.

Wazee walijua wakati wake

Wako wanaosema kumtoa mtoto nyumbani ni mila yetu: tulikuwa na jando na unyago, na watoto walikwenda kukaa mbali. Kwa hakika mila hizo ndizo zinazowashtaki.

Umri wa kwenda jandoni ulitofautiana kati ya jamii na jamii, na sisifu kila kilichofanyika kumbini. Lakini tazama muundo wake. Mtoto hakwenda peke yake. Alikwenda na rika lake kutoka kijiji chake. Alisimamiwa na kungwi au somo ambaye ukoo wake ulijulikana na angeulizwa endapo mtoto angedhurika. Muda ulikuwa na mwisho uliojulikana. Na kurudi kulikuwa sherehe: ngoma, nguo mpya, jina au hadhi mpya mbele ya watu wote. Kutengwa kulikuwa hatua fupi katika safari ya kumrudisha mtoto kwao akiwa mkubwa zaidi.

Mfano mwingine ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, ambao mwanaanthropolojia Monica Wilson alikaa nao miaka ya 1930 na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Wavulana wa miaka kama kumi walihama nyumba za wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji, marika pamoja. Huo ulikuwa mwanzo wa kijiji chao wenyewe. Lakini hawakuhama na chungu. Waliendelea kula kwa mama zao, kundi likipita nyumba hii leo na ile kesho, na waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Jamii ile ilielewa kwamba mtoto anayeingia ujana anahitaji kuanza kujitenga, na kwamba huanza kujitenga polepole, nyumba ya mama ikiwa bado inaonekana.

Hata shule za bweni za kikoloni, ambazo wengi huzitaja kwa fahari, kwa kawaida hazikuchukua watoto wa chekechea. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alikwenda Tabora mwaka 1937. Alikuwa amekwisha kulelewa. Alikuwa na lugha yake, jamaa zake, kazi za nyumbani kwao na hadithi za wazee kichwani. Na mtu huyo huyo aliyepita katika bweni ndiye aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Anayemtaja Mwalimu kutetea bweni la mtoto wa miaka sita hajamsoma.

Leo mtoto wa mkoani Kagera au Kilimanjaro anarudi kutoka bweni Desemba, bibi anamsalimu kwa lugha ya nyumbani na yeye anamtazama mama amtafsirie. Anakaa sebuleni kama mgeni, anaomba ruhusa ya kunywa maji. Majirani wanasifu: ana adabu sana. Adabu ya mgeni katika nyumba ya baba yake ni jambo la kusikitisha, si la kusifiwa.

Hoja za watetezi

Hoja ya kwanza ni usalama. Wazazi wanasema, na ni kweli, kwamba watoto wengine hudhurika nyumbani mikononi mwa dada wa kazi au ndugu. Lakini dawa ya nyumba isiyo na mwangalizi si kumpeleka mtoto mahali asipokuwa na mzazi kabisa. Mtoto wa kutwa akidhurika mchana, jioni bado kuna mtu anayeweza kuona kovu anapomwogesha, kuona amekataa chakula, kuuliza na kuuliza tena. Mtoto wa bweni anangoja mwezi mzima, na siku ya kutembelewa ana saa chache mbele ya walimu wale wale ambao pengine ndio anaowaogopa. Tukumbuke pia mwezi Septemba 2020, moto ulipoua watoto 10 katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa. Tukumbuke Septemba 2024, moto ulipoua wavulana 21 katika bweni la shule ya msingi kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Moto hutokea nyumbani pia. Lakini bwenini moto mmoja hukuta makumi ya watoto waliolala katika chumba kimoja.

Hoja ya pili ni ufaulu. Mtoto wa bweni, wanasema, ana muda wa kusoma. Muda wa kusoma nini, katika umri wa miaka saba? Mtoto wa umri huo hujifunza kwa mazungumzo, mchezo na maswali yasiyokwisha. Kilichotufikisha kumwona kama mtahiniwa ni mashindano ya shule, ambayo hayakufa hata baada ya Baraza la Mitihani kuacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora. Wastani wa shule sasa unabandikwa kwenye mabango ya barabarani, na mtoto wa Darasa la Pili anaanza kuandaliwa kwa ajili ya upimaji wa Darasa la Nne kama mwanajeshi anayeandaliwa kwa vita.

Hoja ya tatu ni kujitegemea: eti bweni humkomaza mtoto. Embe hukomaa mtini. Unaweza kuliivisha kwa kulifukia, na likalainika, lakini mlaji anajua tofauti.

Hoja ya nne ndiyo pekee inayonifanya nisimame na kufikiri, nayo ni ya watoto ambao bweni kwao ni kimbilio. Mtoto wa jamii ya wafugaji anayeishi kilomita nyingi kutoka shule iliyo karibu. Mtoto mwenye ulemavu ambaye shule yenye mwalimu wake iko mkoa mwingine. Watoto wenye ualbino waliowindwa na wauaji, ambao kituo cha Buhangija mkoani Shinyanga kiliwapokea. Kwa hao kibali maalumu kina maana, na hata kwao tunapaswa kuona bweni kama dharura ya kupunguzwa, kwa kujenga shule karibu na kuilinda jamii dhidi ya wauaji. Lakini inaniuma kuona watu wenye magari mawili na nyumba ya vyumba vitano wakijificha nyuma ya mtoto wa mfugaji.

Mwajiri naye aitwe shahidi

Nisingetenda haki kama ningewasulubu wazazi peke yao. Mama anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hakuchagua foleni. Mwalimu aliyepangiwa Songea wakati mumewe yuko Mwanza, na ambaye barua yake ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza inazunguka ofisini mwaka wa tatu, hakuchagua kulea peke yake. Hawa wanapopeleka mtoto bweni wanafanya hesabu ambayo wengine tumewapangia.

Na hapa serikali inajipinga yenyewe. Kwa mkono mmoja ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayotamka kwamba miaka sifuri hadi minane ndiyo msingi wa maisha yote. Ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayompa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, unaotambua haki ya mtoto kupata malezi ya wazazi. Kwa mkono wa pili, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku tatu. Siku tatu! Baba hajamaliza kupokea simu za pongezi, tayari anatakiwa kazini. Ofisi nyingi za umma hazina hata chumba kimoja cha kumnyonyeshea mtoto, na masoko yaliyojaa akina mama wenye watoto mgongoni yanajengwa upya kwa mabilioni bila kituo cha kulelea watoto mchana.

Ukiwa mzazi katika mazingira hayo, waraka unaokukataza bweni bila kukupa kingine ni kama mtu anayekunyang'anya fimbo kwa sababu fimbo si mguu. Ni kweli fimbo si mguu. Lakini mguu uko wapi? Ndiyo maana, kama wazazi wanavyonisimulia, pale neno "bweni" lilipofutwa kwenye kibao, huduma yenyewe imerudi kwa majina mengine: "hosteli" ya jirani, au nyumba ya mwalimu inayopokea watoto kwa malipo. Jina limebadilika, mtoto analala pale pale.

Kinachotakiwa kufanyika

Kwa Wizara ya Elimu: ichapishe orodha ya shule zote zenye kibali maalumu cha kulaza watoto walio chini ya Darasa la Tano, sababu ya kila kibali na tarehe ya kukoma kwake. Kibali cha siri ni mwanya, na mwanya huuzwa. Wakaguzi waende usiku, kwa sababu mchana mabweni yote ni matupu. Kwa mabweni ya Darasa la Tano na kuendelea, iwekwe idadi ya juu ya watoto kwa kila mlezi, na mtoto apewe haki ya kuzungumza na wazazi wake kwa simu kila wiki bila mwalimu kusimama nyuma yake.

Kwa wenzangu watumishi wa umma, hasa mliokaa kwenye madawati ya utumishi: hilo faili la uhamisho wa kumfuata mwenza si karatasi. Ndani yake mara nyingi yumo mtoto. Mnapoliacha likilala, mnaamua ni nani atakayemwogesha jioni. Na mnaoandaa bajeti za halmashauri, kituo cha kulelea watoto mchana katika soko jipya ni miundombinu kama ilivyo barabara.

Kwa wanafunzi na wanaharakati: tumezoea kuandamana kwa hoja kuhusu mikopo ya elimu ya juu, na ni haki. Lakini mtoto wa miaka sita hana chama, hana kura, hana akaunti ya mtandaoni. Asipotetewa na walio nje ya bweni hatetewi na mtu.

Kwa wazazi: kabla ya Januari ijayo, kaeni mfanye hesabu upya. Ada ya bweni ni mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Ulizeni kiasi hicho kinaweza kununua nini kingine: mlezi mtu mzima anayelipwa vizuri na kuheshimiwa, nyumba ya kupanga karibu na kazi au shule, bibi aliyeletwa mjini akatunzwa, shule ya kutwa isiyo na jina kubwa lakini iliyo umbali wa kutembea. Kwa baadhi yenu hesabu haitakubali, na hao ndio wanaostahili msaada wa taifa. Kwa wengi itakubali, ila itadai mpunguze kitu kingine.

Methali husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wazee waliitamka kama onyo. Sisi tumelipia onyo hilo muhula kwa muhula, tukapewa risiti, tukaiita elimu bora. Kwa hiyo siku ya kutembelea ijayo, ukiambiwa kwamba mwanao ameshazoea, usishushe pumzi haraka. Mwinamie, umtazame usoni, na ujiulize amezoea nini hasa: shule, au kuishi bila wewe.